Fainali ya Libreville, Tulivyoitazama Ngamiani

Jumapili ya tarehe 12 Februari 2012, baada ya sala ya isha, mjomba wangu alitoka chumbani akiwa amevaa kanzu safi na kofia yake ya viua, akashika mkongojo, akaniambia nimpeleke barabara ya 12, kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Nilishangaa. Alikuwa na miaka 71, na kwa muda wote niliomfahamu mpira aliufuata kwa redio tu, akiwa ameketi barazani kwake Makorora. Vibanda vya video aliviona kuwa mahali pa vijana, penye joto na matusi. Lakini usiku ule Zambia ilikuwa inacheza na Kodivaa fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na mechi ilikuwa inachezwa Libreville, mji mkuu wa Gabon, mji ambao kwa mjomba ulikuwa na uzito ambao vijana wengi wa Ngamiani, hapa Tanga, hawakuujua.

"Mjomba, hii siisikilizi," alisema. "Hii nataka niione."

Mjomba alikuwa fundi wa mabehewa katika reli ya TAZARA. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na yeye alifanya kazi miaka mingi upande wa pili wa mpaka, Zambia, katika karakana ya Mpika. Alijua Kibemba cha kuombea chumvi na cha kubishania mpira, basi. Mwezi Agosti 1979, Peter Tino alipoifunga Zambia kule Ndola katika sare ya 1-1 iliyoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Lagos za mwaka 1980, mjomba alikuwa Mpika, Mtanzania peke yake katika zamu yake. Alipenda kusimulia kwamba wenzake hawakuitikia salamu yake siku nzima, na kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, wakamsogezea sahani bila kusema neno. Kuanzia siku hiyo, alisema, alikuwa na timu mbili.

Ndiyo sababu ninaikumbuka vizuri siku ya mwezi Aprili 1993 iliyoleta habari ya ndege. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na mjomba alikuwa amekuja Tanga kwa likizo. Redio ilitangaza kwamba ndege ya Jeshi la Anga la Zambia iliyokuwa imeibeba timu ya taifa ilianguka baharini usiku wa tarehe 27, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, na kwamba hakuna aliyepona. Mjomba aliizima redio. Hilo hakuwahi kulifanya taarifa ya habari ikiwa inaendelea, hata siku za misiba ya nyumbani, na nyumba nzima ilinyamaza kwa sababu ya ukimya ule wa redio kuliko kwa sababu ya habari yenyewe, ambayo sisi watoto hatukuielewa.

Watu 30 walikufa katika ndege ile, na 18 kati yao walikuwa wachezaji. Siku mbili kabla ya hapo walikuwa wameifunga Morisi mabao 3-0, na sasa walikuwa safarini kuelekea Dakar kucheza na Senegal mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la mwaka 1994. Ilikuwa ndege ndogo ya kijeshi, aina ya Buffalo, ambayo kwa safari ndefu namna ile ililazimika kutua mara kwa mara ili kujaza mafuta. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa miaka kumi baadaye ilieleza kwamba injini moja ilishika moto na rubani akaizima nyingine, ile iliyokuwa nzima. Kocha Godfrey Chitalu, mfungaji mkubwa wa enzi zake, alikuwa ndani. Kipa Efford Chabala alikuwa ndani. Kalusha Bwalya, aliyeifunga Italia mabao matatu katika ushindi wa 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, hakuwamo, kwa kuwa alikuwa akichezea PSV ya Uholanzi na alitakiwa kusafiri peke yake moja kwa moja.

Zambia haikujitoa. Timu mpya ilikusanywa, Kalusha akawa nahodha wake, na mwezi Julai mwaka uleule ikaifunga Moroko 2-1 mjini Lusaka. Mwezi Oktoba ilihitaji sare tu mjini Casablanca ili iende Kombe la Dunia kule Marekani, ikafungwa bao 1-0. Mwezi Aprili 1994, mjini Tunis, ilicheza fainali ya Afrika na Nigeria, Elijah Litana akaanza kufunga, kisha Emmanuel Amunike wa Nigeria akafunga mawili. Ninayataja haya kwa sababu watu wanaposimulia habari ya Libreville huruka kutoka ndege ya mwaka 1993 hadi kombe la mwaka 2012 kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Palikuwa na miaka 19, na ndani ya miaka hiyo palikuwa na watu waliofungwa, wakarudi, wakafungwa tena.

Kibanda cha barabara ya 12 kilikuwa kimejaa tulipofika. Mechi ilikuwa ianze saa nne na nusu usiku kwa saa zetu, na kesho yake ilikuwa Jumatatu ya kazi, lakini mabenchi yote ya mbao yalikuwa na watu na wengine walikuwa wamesimama ukutani. Kijana mmoja alimpisha mjomba kwenye benchi la mbele. Wengi walikuwa upande wa Kodivaa, nami siwalaumu, kwa maana ndio wachezaji waliokuwa wakiwaona kila Jumamosi: Didier Drogba na Salomon Kalou wa Chelsea, Gervinho wa Arsenal, Yaya na Kolo Touré wa Manchester City. Zambia ilikuwa na wachezaji wa TP Mazembe, wachezaji waliokuwa Afrika Kusini, na nahodha, Christopher Katongo, aliyekuwa akicheza soka China. Waliowashangilia Zambia waziwazi walikuwa mashabiki wa Simba, kwa sababu beki Stoppila Sunzu ni ndugu yake Felix Sunzu aliyekuwa mshambuliaji wa Simba msimu ule, na udugu wa namna hiyo kwa shabiki wa Simba unatosha.

Kodivaa ilikuwa imecheza mechi tano katika mashindano yale na haikuwa imefungwa hata bao moja. Zambia ilikuwa imeanza kwa kuishangaza Senegal 2-1, ikatoka sare ya 2-2 na Libya, ikaifunga Guinea ya Ikweta 1-0, ikaishinda Sudan 3-0 katika robo fainali, na katika nusu fainali, ambamo kipa Kennedy Mweene alipangua penalti ya Asamoah Gyan, ikaitoa Ghana kwa bao la Emmanuel Mayuka. Mashindano yaliandaliwa na nchi mbili, Gabon na Guinea ya Ikweta, na mechi zote hizo Zambia ilizicheza Guinea ya Ikweta. Njia pekee ya kufika Libreville ilikuwa kuingia fainali. Walipofika, kabla ya mechi, wachezaji walikwenda ufukweni wakaweka maua kwa ajili ya wale wa mwaka 1993.

Picha za ufukwe ule zilikuwa zimeonyeshwa kwenye taarifa za habari, na hapa Tanga hazikuhitaji maelezo. Miezi mitano tu kabla, mwezi Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tanga na Pemba ni nyumba moja yenye bahari katikati. Katika mtaa wetu walikuwapo watu waliokwenda kuzika huko na wengine ambao hawakupata wa kumzika. Mtu aliyewahi kukaa matanga bila maiti anajua kwa nini wanaume wazima wanasimama mchangani wakiyatazama maji.

Kwa sababu hiyo, kibanda kizima kilikuwa na jambo moja kichwani hata kabla mpira haujapigwa: kwamba marehemu walikuwa wanaisubiri timu yao. Nami niliamini hivyo usiku ule. Imenichukua miaka kuacha kuamini, na ninaandika kwa sababu kila fainali ya Afrika inapokaribia simulizi hii hurudi ileile, na kila irudipo inawanyang'anya kitu watu ambao mjomba alikwenda kuwaona kwa macho.

Kwa maana mchezo wenyewe, ukiutazama kama mchezo, haukuwa wa miujiza. Dakika ya pili tu Zambia walipiga kona fupi waliyokuwa wameifanyia mazoezi, mpira ukamfikia Nathan Sinkala, na kipa Boubacar Barry akaokoa kwa tabu. Timu iliyokwenda kuomba huruma ya Mungu haianzi hivyo. Kisha wakampoteza Joseph Musonda, beki wao wa kushoto, aliyeumia mapema mno na kutoka uwanjani akilia. Kibanda kilimwonea huruma. Mjomba yeye alitazama nani anaingia na nani anahamia wapi, akatikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akitikisa kichwa, nadhani, behewa likiingia karakana na ekseli imepinda.

Katika kipindi cha kwanza Yaya Touré alipata nafasi nzuri, akapiga pembeni ya goli. Mengine ya kipindi kile yalikuwa ya kusukumana katikati ya uwanja.

Dakika ya 70 Gervinho aliangushwa ndani ya eneo la hatari na mwamuzi akaonyesha penalti. Hapo Drogba aliuchukua mpira. Alikuwa amecheza fainali ya mwaka 2006 mjini Cairo, ambayo Kodivaa waliipoteza kwa Misri kwa mikwaju ya penalti, na umri wake ulikuwa umefika mahali ambapo mchezaji huhesabu mashindano yaliyobaki kwa vidole vya mkono mmoja. Alipiga juu. Mpira ulipita juu ya mwamba kwa mbali, na kibanda kikalipuka. Kijana aliyekuwa nyuma yetu akasimama juu ya benchi akipiga kelele kwamba marehemu wameunyanyua mpira.

Mjomba aligeuka. Hakuwa mtu wa kuzungumza na asiowajua.

"Marehemu wamepumzika, mwanangu," alimwambia. "Hawa ndio waliochoka. Watazame miguu."

Nilitazama miguu. Sikuwa nimeitazama kabla. Mabeki wa Zambia walikuwa wameinama, mikono magotini, kila mpira ulipotoka nje, na mpira ukirudi walikuwa wamesimama tena pale walipotakiwa kuwa. Sunzu alimfuata Drogba kila mahali. Mweene alikuwa akipanga ukuta na kuupangua kwa sauti ambayo, hata katika televisheni yenye spika mbovu, mtu alidhani anaisikia. Mnamo dakika ya 88 Max Gradel, aliyetokea benchi, alipiga shuti lililopita karibu na nguzo kiasi kwamba watu wa upande wetu wa kibanda waliona limeingia. Katika muda wa nyongeza, Felix Katongo alipenyeza mpira kutoka pembeni, Christopher Katongo akaumalizia, Barry akaugusa kidogo tu na ukagonga nguzo. Kwa hiyo kama marehemu walikuwa na mkono katika mechi ile, itabidi mtu anieleze mkono huo ulikuwa wapi wakati huo.

Dakika 120 zikaisha 0-0. Kodivaa walimaliza mashindano yote, mechi sita na dakika 570, bila kufungwa bao, na bado kombe lilikuwa halijawa lao. Sijui kama katika mpira kuna msiba mkubwa kuliko huo, na ninasema hivyo nikiwa niliwashangilia Zambia.

Nikirudi kwenye hoja yangu: Januari 2010, katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Angola, Zambia ilitoka 0-0 na Nigeria, ikatolewa kwa penalti 5-4. Kocha alikuwa Hervé Renard, huyuhuyu wa mwaka 2012. Baadaye aliondoka, akafundisha kwingine, akarudishwa mwishoni mwa mwaka 2011, miezi michache tu kabla ya mashindano. Mweene alikuwapo mwaka ule, Katongo alikuwapo, Kalaba alikuwapo. Walikuwa wanajua ladha ya kutolewa kwa mikwaju, na tangu hapo walikuwa na miaka miwili ya kuikumbuka. Mtu anayesema kwamba roho za mwaka 1993 ndizo zilizopiga penalti za mwaka 2012 anaifuta miaka hiyo miwili, na pamoja nayo anafuta kila asubuhi ambayo vijana wale waliamka kwenda mazoezini bila kamera yoyote kuwafuata.

Kodivaa walianza kupiga. Cheick Tioté akafunga, Katongo nahodha akafunga. Wilfried Bony akafunga, Mayuka akafunga. Mkwaju wa Sol Bamba uliokolewa na Mweene, kibanda kikaruka, kisha mwamuzi akaamuru urudiwe kwa sababu kipa alikuwa ametoka kwenye mstari mapema. Bamba akafunga mara ya pili. Hapo timu nyingi huvunjika moyo, kwa maana furaha iliyonyang'anywa mkononi huuma kuliko ambayo haikuja. Isaac Chansa alikwenda, akafunga. Gradel, kisha Felix Katongo. Drogba alirudi kwenye nukta ileile iliyomtia aibu dakika ya 70, akafunga, na watu waliokuwa wakimzomea katika kibanda chetu wakampigia makofi, na nilifurahi kwamba walifanya hivyo. Wa tano wa Zambia alikuwa kipa mwenyewe. Angekosa, mechi ilikuwa imekwisha. Mweene aliuweka mpira, akapiga, ukaingia, akarudi golini kwake bila kushangilia.

Wachezaji wa Zambia waliokuwa wakisubiri katikati ya uwanja walipiga magoti, wakawa wanaimba. Walikuwa wakiimba pamoja, mikono mabegani, mkwaju baada ya mkwaju, na hawakuacha hata mambo yalipoharibika. Nimeirudia kuitazama sehemu hiyo mara nyingi. Ukiwaona unaelewa kwamba hawakuwa wanaota; walikuwa wanashikana. Anayepiga magoti na wenzake hawezi kutembea huku na huko akijitafuna peke yake, na anayeimba hawezi kushika pumzi. Sina hakika kama walipangiwa hivyo au iliwajia wenyewe. Kwangu ndicho kitu cha maana kuliko vyote vilivyoonekana usiku ule.

Siaka Tiéné, Sinkala. Didier Ya Konan, Chisamba Lungu. Ikawa 7-7. Kolo Touré alikwenda kwa hatua za mtu asiyetaka kufika, na Mweene akauokoa mkwaju wake. Zambia walihitaji mmoja tu. Akaja Rainford Kalaba, mwenye mguu mzuri pengine kuliko wote katika timu ile, akapiga juu. Kibanda kilinyamaza kabisa, nikasikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana nje. Wale waliopiga magoti waliendelea kuimba. Gervinho akapiga, akakosa. Kisha akaja Sunzu, akafunga, 8-7, ikiwa imepita saa saba ya usiku, na benchi tulilokalia likaanguka.

Katika kumwinua mjomba ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameifunika sura yake kwa kofia. Alikuwa analia, na sikumuuliza tangu lini.

Televisheni ilionyesha mambo mengi baada ya hapo, kombe likinyanyuliwa na Katongo aliyechaguliwa pia kuwa mchezaji bora wa mashindano, na Kalusha Bwalya, aliyekuwa rais wa shirikisho la mpira la Zambia, akiwa katikati ya vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto wachanga ndege ilipoanguka. Lakini picha iliyomfanya mjomba akatae kuondoka ni ya Renard akimbeba Musonda mikononi, kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, akimpeleka kwa wenzake waliokuwa wakishangilia, kwa sababu mguu wake haukuweza kumfikisha. Mtu aliyecheza dakika chache tu katika fainali ile alibebwa hadi katikati ya furaha. Vijana wa nyuma yetu waliicheka kidogo. Mjomba aliitazama mpaka ikabadilishwa.

Tulirudi Makorora kwa miguu, polepole, mimi nikimulika njia kwa simu. Barabara zilikuwa tupu isipokuwa kundi la mashabiki wa Simba lililopita likiimba jina la Sunzu kana kwamba wamemzaa. Mjomba hakusema neno mpaka tulipopita barabara ya 20. Kisha akasimama, akaegemea mkongojo.

"Mjomba, nihesabie," alisema. "Tangu yule aliyerudia. Mimi sikuona."

Alikuwa amekwenda kuona kwa macho, na mikwaju mingi ilipita akiwa amejifunika. Nikamhesabia, mmojammoja, kwa majina, jinsi mtangazaji wa redio angefanya: Chansa amefunga, Felix Katongo amefunga. Nilipotaja wa tano alinishika mkono.

"Kipa naye alipiga?"

"Alipiga, mjomba."

"Akafunga?"

"Akafunga, kisha akarudi golini."

Alitikisa kichwa taratibu, tukaendelea kutembea, nami nikaendelea na Sinkala.